Archimedes: Achana na Stori ya Kutoka Bafu Uchi, Cheki Venye Kitabu Chake cha Maji Kiliponea Chupuchupu

Taja jina Archimedes mbele ya wasee na kuna kitu moja tu watakumbuka: mzee wa kitambo aliingia bafu, maji yakamwagika, akatoka mbio uchi kwa barabara akipiga nduru ya Eureka. Hiyo tu. Ni kama kukumbuka Eliud Kipchoge kwa sababu ya viatu.

Shida ni kwamba hiyo stori iliandikwa na Vitruvius, mjenzi wa Kirumi, karibu miaka 200 baada ya Archimedes kufa. Archimedes mwenyewe aliandika kitabu kizima kuhusu vitu vinavyoelea, na ndani yake hakuna bafu, hakuna taji la mfalme, hakuna mtu uchi. Kuna kitu kali kuliko hizo zote. Kuna sababu yenye inafanya msumari mdogo uzame na feri ya Likoni, imejaa malori na watu, ikae juu ya maji kama imelala.

Basi tuanze mwanzo.

Archimedes alizaliwa karibu mwaka 287 KK kwa mji wa Syracuse, kisiwa cha Sisili. Leo hiyo ni Italia, lakini wakati huo ulikuwa mji wa Wagiriki, tajiri, na bandari ya maana. Babake aliitwa Phidias na kazi yake ilikuwa kuchunguza nyota. Hilo tunalijua kwa sababu Archimedes alimtaja kwa kitabu kimoja, kile chenye alipiga hesabu ya punje ngapi za mchanga zinaweza kujaza ulimwengu wote. Yaani mtu anakaa chini, anaamua leo ni kuhesabu mchanga wa kujaza mbingu, na anatoa jibu. Huyo ndiye msee tunamwongelea.

Inaaminika alipokuwa kijana alienda kusoma Alexandria, Misri, hapa hapa Afrika, maana huko ndiko wenye akili wote walikuwa wamekusanyika. Mmoja wa marafiki zake alikuwa Eratosthenes, mzaliwa wa Cyrene, kwenye sasa ni Libya, mdosi wa maktaba ya Alexandria na yule aliyepima ukubwa wa dunia kwa kutumia vivuli. Archimedes alirudi Syracuse lakini aliendelea kuwatumia wasomi wa Alexandria barua za hesabu. Na alikuwa mchokozi. Kuna wakati alichanganya humo majibu mawili ya uongo makusudi, ndio wale watu wa kudai hata wao walikuwa wamegundua hayo mambo kitambo washikwe mchana peupe. Mtego wa kushika wezi wa kazi, miaka zaidi ya 2200 iliyopita.

Huko Misri pia ndiko watu walikuwa wanatumia kile kifaa kinaitwa skrubu ya Archimedes: bomba lenye mzunguko ndani kama wa skrubu, unazungusha na maji yanapanda kutoka chini mpaka shambani. Ikiwa alikibuni yeye ama alikikuta, wasomi bado wanabishana. Kifaa chenyewe bado kinatumika mpaka leo.

Sasa tuje kwa taji.

Mfalme wa Syracuse aliitwa Hiero wa Pili, na mwandishi Plutarch anasema yeye na Archimedes walikuwa watu wa ukoo. Vitruvius anasema Hiero alipea sonara dhahabu atengeneze taji la kutolea miungu. Taji likakuja, uzito uko sawa kabisa na dhahabu iliyotolewa. Lakini uvumi ukatembea kwamba sonara alikula dhahabu kiasi, akajazia na fedha. Utajuaje bila kuharibu taji? Hapo ndipo Archimedes anaingia bafu na kuona kwamba mwili ukiingia, maji ya ukubwa sawa na huo mwili yanatoka. Dhahabu ni nzito karibu mara 19 kuliko maji ya ukubwa sawa, fedha ni mara 10 na nusu tu. Kwa hivyo taji lililochakachuliwa, hata kama uzito ni ule ule, lazima liwe kubwa kidogo na limwage maji mengi kidogo. Kwa hiyo stori, sonara akashikwa.

Inasikika poa, lakini piga hesabu. Sema taji lilikuwa kilo 1 na sonara alibadilisha gramu 300 za dhahabu na fedha. Kilo ya dhahabu safi inasukuma maji karibu mililita 52. Lile taji la uongo linasukuma karibu 65. Tofauti ni mililita 13, hazijazi hata kijiko kimoja cha kupakua. Kwa beseni la upana wa sentimita 20, maji yanapanda chini ya nusu milimita zaidi. Nani ataona hiyo kwa macho, na maji yenyewe yanatingika na kung'ang'ania ukingo wa beseni? Galileo alishtukia hili mapema. Mwaka 1586, akiwa kijana wa miaka 22, aliandika kijitabu akisema njia ya kumwaga maji ni ya ovyo kwa mtu wa kiwango cha Archimedes, na kwamba lazima mzee alitumia mizani.

Hiyo ya mizani inaingia akilini. Weka taji upande mmoja, kilo moja ya dhahabu safi upande mwingine. Hewani ziko sawa. Sasa teremsha zote mbili ndani ya maji. Maji yanainua kila moja kulingana na ukubwa wake, na taji kwa sababu ni kubwa kidogo linainuliwa zaidi, tofauti ya gramu 13. Mizani ya sokoni ya siku hizo ingeinama na kila mtu angeona. Mimi nikiulizwa, nitasimama na Galileo.

Na kutumia mizani namna hiyo, lazima ujue kitu kimoja: maji yanasukuma juu kwa nguvu gani, kamili? Hilo ndilo swali lenye Archimedes alijibu kwa kitabu chake, na kwa maoni yangu hapo ndipo alipotoboa kuliko ile siku ya bafu, kama hata ilikuwako.

Wazo unaweza kulishika hivi. Fikiria maji yaliyotulia ndani ya tangi. Kwa akili yako, chora mpira wa maji hapo katikati. Huo mpira ni maji kama maji mengine, hauzami wala haupandi. Lakini una uzito. Kwa hivyo maji ya pembeni lazima yanaushikilia kwa nguvu sawa kabisa na uzito wake. Sasa toa huo mpira wa maji na uweke kitu kingine cha umbo lile lile, jiwe, ubao, chochote. Maji ya pembeni hayajui umebadilisha kitu. Yanaendelea kusukuma kwa nguvu ile ile. Kama kitu chako ni kizito kuliko ule mpira wa maji, kinazama. Kama ni chepesi, kinapanda mpaka kibaki kimezama kiasi tu cha kusukuma kando maji yenye uzito sawa na uzito wake wote. Umeshikanisha? Cha muhimu ni uzito wa kitu ukilinganisha na uzito wa maji yenye kimeyafukuza pale. Uzito wa kitu peke yake haukuambii chochote.

Jaribu na mtungi wa lita 20. Ufunge ukiwa mtupu, alafu ujaribu kuuzamisha wote kwa tangi. Utatoka jasho. Unapigana na uzito wa lita 20 za maji, karibu kilo 20, na mtungi wenyewe hauna hata kilo mbili. Ama cheki ndoo ukiteka maji: ikiwa bado ndani ya tangi inakuja kiurahisi, ikitoka tu nje inakuvunja mgongo. Maji yalikuwa yanakubebea na hukusema asante.

Ama mandazi. Ukiangusha kwa karai yenye mafuta moto, inaenda chini kwanza. Uzito wake haujabadilika sana, lakini ikianza kufura inakuwa kubwa, inasukuma mafuta mengi zaidi, na hapo inapanda yenyewe juu ikingoja kugeuzwa. Mama mandazi anafanya fizikia ya kidato cha nne kila asubuhi kabla jua litoke.

Na chuma? Chuma ni kizito karibu mara 8 kuliko maji ya ukubwa sawa, ndio maana msumari unaenda chini moja kwa moja. Chukua chuma hicho hicho, kipige kiwe sufuria, na kitaelea kwa karai. Sababu ni kwamba sufuria inafukuza maji ya nafasi yake yote, pamoja na ile hewa iko ndani. Ongeza mawe ndani moja moja na itashuka kidogo kidogo, kila jiwe likidai maji ya uzito wake. Jiwe moja zaidi, maji yanapita ukingo, na hakuna kurudi. Meli ni hiyo sufuria, imekuzwa tu.

Archimedes hakuishia hapo, na hapa ndipo wengi wanamlenga. Kitabu kina sehemu mbili. Sehemu ya pili haiulizi tena kama kitu kitaelea. Inauliza kikilazwa upande, kitarudi kusimama ama kitapinduka? Alichagua umbo la bakuli refu, karibu kama tumbo la meli, na akathibitisha kwa michoro ni wakati gani linajirudisha na ni wakati gani linabaki limelala. Hilo swali si la kupitisha muda. Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilipinduka kwa Ziwa Victoria karibu na Mwanza ikiwa imepakia watu kupita kiasi, na mamia wakafa. Mpaka saa hii wahandisi wa meli wanaanza na lile swali la mzee wa Syracuse.

Na yeye meli alizijua. Waandishi wa kale wanasimulia kwamba Hiero aliamuru itengenezwe meli ya ajabu, Syracusia, mbao zake zingetosha kuunda meli za vita 60. Ndani ilikuwa na maktaba, bafu, bustani, hekalu na mahali pa mazoezi. Hoteli ya nyota tano, lakini inaelea. Fundi alikuwa Archias wa Corinth na Archimedes akawa msimamizi. Kuiteremsha majini watu walishindwa, yeye akaunda mtambo na ikaingia na watu wachache tu. Maji yaliyokuwa yanavuja chini yalitolewa na mtu mmoja akizungusha skrubu. Chini kabisa kuna kichekesho: bandari nyingi hazikuweza kuipokea vile ilikuwa kubwa, kwa hivyo Hiero akaipeana zawadi kwa mfalme wa Misri. Umenunua gari haliingii kwa geti yako, unampea jirani.

Maisha yangeisha hivyo, mzee na michoro yake. Lakini Hiero alikufa mwaka 215 KK, na kiti kikaenda kwa mjukuu wake Hieronymus, kijana wa miaka 15 hivi. Syracuse ilikuwa imekaa na Roma kama marafiki karibu miaka 50. Huyo kijana akageuka upande wa Carthage, maadui wa Roma kutoka Afrika Kaskazini, kwa sababu wakati huo Hannibal alikuwa anawachapa Warumi ndani ya Italia kwenyewe. Kijana aliuawa kabla mambo yaive, lakini mji ukabaki upande huo. Roma ikatuma jenerali Marcellus na meli na jeshi.

Archimedes sasa alikuwa mzee wa zaidi ya miaka 70, na ndiye alikuwa ngao ya mji. Manati makubwa yalirusha mawe mbali. Wakikaribia, kulikuwa na mengine ya kurusha karibu. Wakifika chini ya ukuta, mikono ya mbao ilitokea juu, ikanasa pua ya meli kwa ndoano, ikainyanyua mpaka isimame kwa mkia, alafu ikaiachilia. Meli ikijaa maji, hesabu ya kitabu inafanya kazi yake. Mtu aliyeandika juu ya kuelea sasa alikuwa anazamisha. Ilifika mahali askari wa Roma wakiona kipande cha kamba ama mbao kimetokeza juu ya ukuta, wanahepa wakidhani ni mtambo mwingine wa mzee.

Ile ya kuchoma meli kwa vioo na jua weka kwa stori za jaba. Waandishi waliokuwa karibu na vita, kama Polybius, hawaitaji kabisa. Hata wale wa kipindi cha MythBusters walijaribu na haikuwaka vizuri.

Marcellus aliacha kushambulia, akazingira mji kwa njaa. Mwishowe Warumi walipata upenyo. Mtu mmoja alihesabu mawe ya ukuta wa mnara akakadiria urefu wake, wakaunda ngazi za kutosha, na wakangoja sikukuu ya mungu wa kike Artemis. Usiku, wenyeji wakiwa wamelewa, wakapanda. Kwa hivyo ukuta uliolindwa na mtu wa hesabu ulipandwa kwa hesabu ya darasa la nne. Sehemu zingine za mji zilifunguliwa baadaye na msaliti. Hiyo ilikuwa 212 KK.

Marcellus alikuwa ametaka Archimedes ashikwe akiwa hai. Askari aliyemfikia hakujua ni nani, ama hakujali. Plutarch mwenyewe anatoa stori zaidi ya moja. Kwa moja, mzee alikuwa amezama kwa mchoro hata hakusikia mji umeanguka, akakataa kuondoka kabla amalize, na askari akamkata kwa upanga. Kwa nyingine, alikuwa njiani kupelekea Marcellus vyombo vyake vya kupimia, na askari wakadhani kwa lile sanduku kuna dhahabu. Hii ya pili ndiyo inauma zaidi, nadhani. Umri wake ulikuwa karibu miaka 75.

Kaburi lake lilichongwa mpira ndani ya silinda, maana alikuwa amethibitisha mpira unajaza theluthi mbili kamili ya silinda inayoukumbatia, na hiyo ndiyo kazi alijivunia kuliko zote. Mwaka 75 KK Mrumi anaitwa Cicero, aliyekuwa afisa huko Sisili, alilitafuta akalikuta limefunikwa na miiba. Watu wa Syracuse wenyewe walikuwa wamesahau liko wapi.

Vitabu navyo? Kile cha kuelea kilibaki Ulaya kwa tafsiri ya Kilatini ya mwaka 1269. Kigiriki, lugha yake, kilidhaniwa kimeenda. Kumbe mwandishi mmoja wa Constantinople alikuwa amekinakili karibu mwaka 900 na kitu kwenye ngozi ya mnyama. Ngozi ilikuwa ghali, na mwaka 1229 mtu wa kanisa alihitaji kitabu cha sala. Akachukua kurasa za Archimedes, akazikwangua wino, akazikunja mara mbili, akaandika sala juu yake. Hakuwa na ubaya. Alihitaji karatasi tu.

Mwaka 1906 mtaalamu kutoka Denmaki, Johan Ludvig Heiberg, alienda Constantinople kukicheki na akaona chini ya sala kuna mistari hafifu imepita kando. Ilikuwa Archimedes, na nakala ya pekee duniani ya kitabu cha kuelea kwa Kigiriki. Alisoma alichoweza kwa kioo cha kukuza. Baadaye kitabu kikapotea tena kwa miaka mingi, kikaingia mikononi mwa familia Ufaransa, kikashika ukungu, na mtu mjanja akapaka picha bandia za dhahabu juu ya kurasa kadhaa ili bei ipande. Tarehe 29 Oktoba 1998 kikauzwa kwa mnada New York kwa dola milioni 2. Aliyenunua hajawahi kujitangaza jina, lakini alikipeleka jumba la makumbusho la Walters huko Baltimore kitibiwe.

Kazi ilichukua miaka. Kurasa zilipigwa picha kwa mwanga wa rangi tofauti, na zile zilizofichwa chini ya dhahabu bandia zikapelekwa kwa mtambo mkubwa wa eksirei huko Stanford, Marekani. Wino wa kitambo ulikuwa na chuma ndani yake, na chuma kikipigwa eksirei kinajitoa. Herufi zikaanza kuonekana moja moja kwa skrini, Kigiriki cha mzee kikipita katikati ya mistari ya sala. Mwaka 2008 picha zote ziliwekwa mtandaoni bure, na ukiwa na bando unaweza kuzifungua saa hii ukaona mchoro wa kitu kinachoelea, umelala upande, chini ya maombi.